Padre Placide Tempels wa Katanga: Mwalimu Aliyejifunza kwa Wanafunzi Wake

Leo twataka kueleza maisha ya mtu ambaye hakuwa wa dini yetu. Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza, karatasi ya darasa la Waislamu ina haja gani na maisha ya padre? Jawabu ni kuwa mtu akisoma khabari za watu wake tu, huzoea aibu zao kama azoeavyo harufu ya nyumba yake, asiisikie tena. Lakini akisoma khabari za wengine, huona kwao kosa ambalo kwake limejificha.

Na mtu huyu alikumbana na jambo lile lile linalomkabili kila anayefundisha dini katika mitaa yetu ya Eastlands, toka Pumwani na Eastleigh hata Makadara na Kayole. Jambo lenyewe ni kuwa watu huitika kwa ulimi, na nyoyo zao zikabaki mbali. Alilolifanya baada ya kulitambua jambo hilo, na yaliyompata kwa sababu yake, ndiyo tutakayoyaeleza. Imani yake si yetu, wala hatuisifu. Lakini uadilifu wataka mtu apewe haki yake, ingawa ni mtu wa upande mwingine.

Wafransisko ni watu gani

Wafransisko ni watawa wa Kanisa Katoliki wanaofuata mwendo wa Fransisko wa Assisi, mtu wa Italia aliyekufa mwaka 1226. Alikuwa mtoto wa mfanya biashara tajiri wa nguo. Akaacha mali ya babake, akavaa nguo za kimaskini, na mwaka 1209 Papa akamkubalia kuunda shirika la ndugu waliokula ahadi ya kutokuwa na mali, kutooa, na kuwatii wakubwa wao. Wasomi wetu wa tarehe wamjua kwa jambo jingine. Mwaka 1219, wakati majeshi ya Msalaba yalipouzingira mji wa Damietta katika Misri, yeye alivuka baina ya majeshi mawili bila ya silaha, akaenda kwa Sultani al-Malik al-Kamil, mtoto wa nduguye Salahuddin. Alitaka kumwita katika dini yake. Sultani hakumfuata, lakini alimpokea kwa heshima na akamrudisha salama.

Twalitaja hilo kwa sababu padre tunayemweleza alitoka katika shirika hilo. Yeye naye, baada ya miaka kadha ya kusema na watu kutoka juu, alichagua kuwaendea mikono mitupu.

Kuzaliwa kwake na safari yake

Jina alilopewa na wazee wake ni Frans Tempels. Alizaliwa tarehe 18 Februari 1906 katika mji mdogo wa Berlaar, jimbo la Antwerp, nchi ya Ubelgiji, katika watu wasemao Kiflemi. Mwaka 1924 aliingia katika shirika la Wafransisko, na huko akapewa jina la Placide. Mwaka 1930 alifanywa padre, na mwaka 1933 alipelekwa Kongo.

Kongo wakati huo ilikuwa milki ya Ubelgiji. Ilikuwa kwanza mali ya Mfalme Leopold wa Pili peke yake tangu mwaka 1885, na kwa dhulma zilizofanywa humo dunia ikapiga kelele, mpaka dola ya Ubelgiji ikaichukua mwaka 1908. Jimbo la Katanga, kusini mashariki mwa nchi, lilikuwa na shaba nyingi. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, mwaka ule ule aliozaliwa padre huyu, ndiyo iliyoichimba. Serikali, kampuni na misheni zilikuwa kama mafiga matatu ya jungu moja: serikali ikishika sharia na kodi, kampuni ikishika kazi na mishahara, na misheni zikishika skuli na nyoyo.

Katika hali hiyo Tempels alikwenda kufundisha miongoni mwa Waluba wa Katanga. Alikuja kama walivyokuja wenziwe wote, yaani bwana mweupe, mwenye dini ya haki na elimu yote, na mbele yake watu wasiojua kitu. Akaamrisha, akakemea, akabatiza. Kwa muda wa miaka kumi aliendelea hivyo.

Kugeuka kwake

Baada ya miaka hiyo kumi aliyatazama matunda ya kazi yake, asiridhike. Watu walikuwa wamebatizwa na walikuwa wakihudhuria ibada, lakini siku ya msiba, maradhi au ugomvi walirudi kwa waganga na kwa mizimu ya wazee wao. Padre mwingine angalisema kuwa watu hawa ni wagumu wa vichwa au ni wanafiki, akazidisha fimbo. Yeye alijiuliza swali jingine: Je, mimi nawajua watu hawa? Nimepata kuwauliza wanataka nini katika maisha yao?

Basi akabadili kazi. Akawa ni mwenye kuuliza, nao wakawa wenye kumjibu. Akasikiliza methali zao, majina yao, dua zao na malalamiko yao. Kidogo kidogo akaona kuwa mambo aliyokuwa akiyadharau yalikuwa na mpango wake. Alifahamu kwamba kwao jambo kubwa ni nguvu ya uhai: mtu huzidi kuwa mtu kwa kuzidi nguvu hiyo, na hupungua kwa kupungua nguvu hiyo. Nayo haiko kwa mtu peke yake, bali huwaunganisha walio hai na wazee waliotangulia na watoto watakaozaliwa. Akaona kuwa ugonjwa, utasa, wivu na laana, vyote kwao huhisabiwa kuwa ni kupungukiwa na nguvu hiyo.

Mambo hayo aliyaandika katika kitabu kwa Kiflemi. Tafsiri ya Kifaransa ilitoka Elisabethville, ndio mji uitwao sasa Lubumbashi, mwaka 1945, kwa jina la *La philosophie bantoue*, maana yake Falsafa ya Kibantu. Msomaji azingatie wakati huo. Mwafrika alihisabiwa na watawala wake kuwa hana fikira wala mantiki. Huyu padre mzungu akatoka na kusema kuwa wana falsafa kamili, na kwamba mzungu ndiye aliyekuwa mjinga kwa kutoiona.

Wala hakusema hayo katika wakati wa raha. Mwezi wa Disemba 1941 wachimbaji wa shaba wa Elisabethville walikuwa wamegoma kwa ajili ya mishahara, na askari wakawapiga risasi, wakafa wengi. Mwaka 1944 askari Waafrika waliasi Luluabourg. Mwaka huo huo Tempels aliandika katika gazeti la Katanga juu ya sababu zinazowafanya watu waasi, na katika vita vile vya dunia alikuwa miongoni mwa wazungu wachache waliosema hadharani kuwa nchi hii ina deni kwa wenyeji wake.

Alivyopingwa

Askofu wa Katanga alikuwa Jean-Félix de Hemptinne, mtu mwenye nguvu na rafiki wa serikali. Yeye alikiona kitabu kile kuwa ni hatari kwa dini na kwa utawala, akakipinga kwa wakubwa wake na kutaka Roma ikihukumu. Mwaka 1946 Tempels alikwenda Ubelgiji, na hakupata kurudi Kongo mpaka mwaka 1949.

Lakini kitabu hakikungojea ruhusa. Mwaka huo huo wa 1949 kilichapishwa Paris na nyumba ya Présence Africaine, iliyoanzishwa na Alioune Diop, Mwislamu wa Senegal aliyeingia katika Ukatoliki. Mwaka 1959 kikatolewa kwa Kiingereza. Padre Alexis Kagame wa Rwanda alikipima kwa lugha ya kwao, akatoa kitabu chake mwaka 1956. John Mbiti, mwanachuoni wa Kikristo wa Kenya, alikijadili mwaka 1969, naye hakukubali kuwa fikira za Waafrika wote zaweza kufungwa katika neno moja la nguvu.

Wako pia waliompiga kwa upande mwingine, na hoja yao ina uzito. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, aliandika mwaka 1950 kuwa maneno haya ya nguvu ya uhai yawafaa sana wenye makampuni: Mwafrika apewe sifa ya kuwa na falsafa, naye asiulize juu ya mshahara wake na ardhi yake. Na ni kweli kuwa padre alikiandika kitabu chake kwa ajili ya wazungu, awaonyeshe namna ya kuwafundisha na kuwaongoza wenyeji vyema zaidi. Kumheshimu mtu kwa fikira zake, kisha ukamwacha na njaa yake, ni heshima nusu.

Jamaa ya Kolwezi

Mwaka 1953 Tempels aliwekwa Kolwezi, mji wa machimbo. Hapa ndipo maisha yake yalipofikia kilele. Wachimbaji walikaa katika kambi za kampuni: nyumba zilizopangwa mistari, zote za namna moja, ambazo mwenye kazi hupewa na asiye na kazi hutolewa. Wazee wetu waliokaa nyumba za reli za Makongeni, au nyumba za Kaloleni zilizojengwa katika miaka ya 1940, hawahitaji kuelezwa zaidi. Watu walitoka makabila mbalimbali, ukoo uko mbali, mume yuko kazini, mke hana shamba wala mama mkwe wa kumshauri. Ndoa zikawa dhaifu na pombe ikawa nyingi.

Lugha iliyowakusanya ilikuwa Kiswahili. Kilifika Katanga katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara ya watu wa pwani na Wanyamwezi, kisha machimbo na skuli zikakieneza. Na katika Kiswahili hicho watu wale walichukua neno moja wakaliita kundi lao: Jamaa. Asili yake ni Kiarabu, ni lile lile tunalolitumia kwa sala ya jamaa msikitini, na kwa mtu wa nasaba yetu. Kwao lilikuwa na maana ya watu wa nyumba moja.

Jamaa haikuanza kwa waraka wa askofu. Ilianza kwa padre kukaa na mume na mke, wakazungumza kama watu watatu, kila mmoja akifungua moyo wake. Aliwaambia kuwa yale waliyoyatamani tangu zamani si mabaya. Wenyewe waliyataja kwa maneno matatu, wakayaita mawazo: uzima, uzazi na mapendo. Kisha akawaonyesha, kwa mujibu wa dini yake, wapi yanapotimia. Mume na mke walitakiwa waingie pamoja. Haikuwa kazi ya wanaume peke yao. Mume alifundishwa kumshirikisha mkewe katika siri na shauri, na mke hakuwa tena mtumishi wa jikoni tu. Wanachama wakaitana baba na mama. Hata yeye akaitwa Baba Placide.

Mafundisho yalitolewa na wachimbaji wenyewe, jioni baada ya kazi, kwa lugha yao na kwa nyimbo walizotunga. Mambo hayo yalienea toka Kolwezi hadi machimbo mengine ya Katanga, kisha yakafika Kasai. Watu waliokuwa wakiletwa kanisani kwa kuogopa sasa wakaja kwa hiari. Walevi wakaacha ulevi, na nyumba zilizovunjika zikaungana. Walioandika juu ya Jamaa, hata wasiokuwa wa dini ile, waliishuhudia bidii hiyo.

Mwisho wa khabari yake

Mwaka 1962, Kongo ikiwa imepata uhuru wake miaka miwili nyuma, na Katanga ikiwa katika fitina ya kujitenga, Tempels alirudi Ubelgiji. Hakurudi tena. Wakubwa wa Kanisa walikuwa na shaka na Jamaa, wakamhoji, na akatakiwa akae kimya mbali na watu wake. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Papa alifungua Mtaguso wa pili wa Vatikani, na mkutano huo ndio ulioruhusu ibada za Kikatoliki zisomwe kwa lugha za watu. Kanisa likaelekea upande ule ule alioelekea yeye, naye yuko nje ya mlango.

Hakuliasi shirika lake, wala hakufanya dini yake mwenyewe. Aliishi katika nyumba ya watawa huko Hasselt miaka 15, na huko akafa tarehe 9 Oktoba 1977, umri wake miaka 71.

Nyuma yake Jamaa iligawanyika. Baadhi ya wafuasi walishika njia iliyoitwa Katete. Hao walishutumiwa kuwa wameyapotoa maneno ya umoja na mapendo, wakafuata ndoto, na wakaleta mahusiano yasiyofaa baina ya waume na wake wasiooana. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Kongo waliweka masharti makali, na wengi wakatolewa katika Kanisa.

Tukitafuta sababu, hapana budi kutaja mbili. Ya kwanza ni kuwa aliyejua mipaka ya mafundisho yale aliondolewa, na wakubwa waliomwondoa hawakukaa mahali pake wakawasikiliza watu kama alivyowasikiliza yeye. Ya pili ni ya ndani ya Jamaa yenyewe: mafundisho yalikuwa kwa daraja, na ya daraja ya juu yalifichwa kwa asiyeifikia. Palipo na elimu ya siri, hapana wa kumsahihisha mwenye kukosea, maana wanaoweza kumsahihisha hawajui asemacho. Siri hiyo ndiyo iliyowapa wapotoshaji kivuli cha kujifichia.

Yanayotupasa sisi

Ndugu msomaji, kumtukana padre huyu kwa kuwa si wetu ni kazi nyepesi isiyo na faida. Lenye faida ni kujiuliza maswali aliyojiuliza yeye.

Sisi tunaofundisha katika mitaa hii, twawajua wanaotusikiliza? Twapanda mimbari tukakemea uganga, hirizi na ulevi. Na kukemea ni wajibu wetu, hilo hatuliachi. Lakini mtu aliyekwenda kwa mganga usiku, twajua alichokwenda kukitafuta? Pengine ni mke asiyezaa, au ni kijana aliyekosa kazi mwaka wa tatu akahisi kuwa amefungwa. Tukimkataza mlango ule bila ya kumwonyesha mlango mwingine, atatuitikia Ijumaa na atarudi kwa mganga Jumamosi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akimsikiliza kila mtu kwa hali yake, na jawabu aliyompa huyu sio aliyompa yule. Basi njia hii ya kusikiliza si ya kuazima kwa padre. Ni yetu, tumeiacha njiani, na mwingine akaiokota.

La pili ni wanawake. Katika darasa nyingi za mitaa yetu mume husoma, na mke husikia mabaki ya maneno, kama akisimuliwa. Kisha twastaajabu kuwa watoto wanalelewa kwa mila tusizozitaka. Nyumba haitengenei kwa kumtengeneza mmoja wa wawili.

La tatu ni kuwa kila tunalolifundisha liwe wazi, lenye dalili inayoonekana, ili hata mwanafunzi mdogo aweze kumwuliza mwalimu wake. Dini yetu haina daraja ya siri, na mwenye kudai kuwa anayo amefungua mlango wa Katete katika msikiti.

Na la nne ni kwa wakubwa wa misikiti na kamati. Akitokea mwalimu kijana ambaye watu wamemwendea, msikimbilie kumwondoa kwa kuwa hafuati mwendo mliouzoea. Kaeni naye, mumsikilize, na alipokosea mumsahihishe mbele ya wanafunzi wake, nao wajifunze. Mkimwondoa bila ya kuikamata kazi yake, watu wake hawatarudi kwenu; watamfuata yeyote atakayewaita kwa jina lake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe masikio ya kusikia kabla ya ndimi za kusema, na azifanye darasa zetu kuwa jamaa ya kweli.